Mke Mwenza Mwenye Kofia

Ansab, Maskati
Jumapili

Dada yangu mpenzi Mazoon,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namuomba Mola barua hii ikukute na uzima, wewe na shemeji Ayman na wanangu wote, na lile goti lako liwe limekubali sasa kukusindikiza ngazini bila ya ugomvi. Sisi huku wazima wa mwili. Wazima wa akili, hilo utaamua mwenyewe ukishamaliza kusoma. Shemeji yako Jaifar anakusalimu na anasema achari ya ndimu uliyotuletea imekwisha, na anayasema hayo kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Mama anakula, anasali, anagombana na jirani juu ya paka wao, kwa hiyo ujue afya ipo.

Utashangaa kuletewa karatasi na simu ipo. Dada, nyumba hii kila ukuta una sikio, na huko kwako simu yako wanaishika watoto kuliko unavyoishika wewe. Nikikutumia ujumbe wa sauti, Mbweni nzima itausikia kabla yako. Bi Aseel anasafiri keshokutwa Jumanne kuja Unguja, nitampa bahasha hii nimwambie ni mapishi ya halwa. Ukiipokea mbele yake, mshukuru kwa mapishi.

Wiki iliyopita uliniuliza kwa nini Mama hunyamaza kila unapoitaja milka ya Harub, yaani hiyo nikaha yake, na kwa nini Harub mwenyewe anacheka siku hizi kupita kiasi. Nikakujibu kuwa ni pirikapirika za harusi tu. Nilikudanganya, na uongo huo umenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Niachie nianze na Harub, maana kila balaa la nyumba hii linaanza na Harub. Unakumbuka alivyokwenda Ohio kusomea uhandisi kwa gharama ya serikali, sisi tukawa tunaomba tu asiturudie na mke wa Kizungu. Hakurudi na mke. Alirudi na shahada na kasha la viatu limejaa kadi za besiboli. Wewe umeliona kasha lile ulipokuja kututembelea, ukacheka. Mimi nimeishi nalo, na kucheka kulinitoka zamani.

Kadi zenyewe, kama hakukueleza (lakini nani Harub hajamweleza?), ni vipande vya karatasi ngumu ukubwa wa kiganja, vyenye picha ya mchezaji. Zamani zikitiwa katika pakiti za chingamu ili watoto wa Kimarekani wawasumbue wazee wao wanunue. Watoto wakazichezea, wakazikunja, mama zao wakazifagia, na sasa zile chache zilizosalimika bila ya mkunjo zinatafutwa kama ambari. Na kadi za ndugu yetu zote ni za mtu mmoja, Roy Pendry, mrushaji. Yaani yule anayesimama katikati ya uwanja akamrushia mpira mwenye gongo, na kazi yake ni kuhakikisha mwenzake haupigi. Hiyo ndiyo kazi iliyompa sifa, na alikufa kabla Harub hajazaliwa. Mzee mmoja mjane aliyempangisha Harub chumba huko alimuona Pendry akicheza alipokuwa mtoto, akampenda mpaka uzeeni, na siku Harub anaondoka akampa kadi tatu za ukumbusho. Mtu mwingine angezitia katika albamu, akashukuru, akaendelea na maisha yake.

Yeye alizitafuta nyingine mpaka akaipata ile kubwa, kadi ya mwaka wa kwanza wa Pendry, ambayo wanaoijua wanaitaja kwa kunong'ona. Ili ainunue aliuza gari. Mwaka mzima mimi na Jaifar tulimpeleka kazini na kumrudisha, naye amekaa nyuma anatusomesha pembe. Pembe zote nne za kadi lazima ziwe kali. Picha lazima ikae katikati, pambizo ya kulia isiizidi ya kushoto. Nyuma kusiwe na doa la chingamu. Na kuna wanaume wazima huko Amerika, wenye wake na watoto, kazi yao ni kuitazama kadi chini ya taa na kuipa maksi juu ya kumi kama mtoto wa darasa la pili. Jaifar alimuuliza siku moja, kwa adabu kabisa, tofauti ya maksi saba na maksi nane ni nini. Harub akamjibu: kiwanja. Jaifar hakuuliza tena.

Basi kadi ile ikawa ndiyo mwenye nyumba na sisi wapangaji. Kiyoyozi cha chumba chake hakizimwi, hata awe hayupo. Anayetaka kuingia anawe mikono, aikaushe, na asiwe amejipaka mafuta. Udi amepiga marufuku, eti moshi unadhuru karatasi. Udi, Mazoon! Katika nyumba ambayo Mama akipata nafasi atawafukiza hata wale paka wa jirani! Mama alisema, "Mimi nna umri huu sijasikia udi kumdhuru mtu," na Harub akamwambia kwa upole kuwa Pendry si mtu, ni karatasi. Hapo ndipo Mama alipompa Pendry jina lake. Akasema kama si mtu, mbona mchumba wake Bashayer anaishi na mke mwenza mwenye kofia?

Na hapo ndipo roho yangu ilipoungulia, kwa sababu posa ya Bashayer niliipeleka mimi. Mimi ndiye niliyemsifu Harub kwao mpaka ulimi ukakauka. Bashayer anafanya kazi ofisini kwetu Ruwi, meza yake inatazamana na yangu, na kila Harub alipoisogeza mbele siku ya milka, mimi ndiye niliyeamka asubuhi nikaenda kukaa mbele ya uso ule. Mara ya kwanza alisema bei inapanda, tungoje. Mara ya pili nyingine kama ile iliuzwa rahisi, tungoje watu wasahau. Mara ya tatu sikumbuki hata alisema nini, nilikuwa nimeshaondoka chumbani. Akishaiuza, anasema, atamfanyia Bashayer harusi na nyumba ya kueleweka. Lakini haiuzi, kwa kuwa bado haijaiva. Nikamuuliza kama ni kadi au ni ndizi.

Bashayer mwenyewe hakulalamika hata siku moja, na afadhali angelalamika. Mama yake ndiye aliyekuja kututembelea, akapita mlangoni kwa Harub na kikombe chake cha kahawa mkononi, akasogea aone hicho kinachomweka mwanawe bila ya ndoa. Harub aliruka kama aliyeona nge. Yule bibi akarudi kwao akasema mkwewe ana wasiwasi. Haikupita muda, Bwana Musallam, baba yake Bashayer, mtu mstahamilivu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akaleta neno: ama milka kabla ya Ramadhani, ama kila mmoja ashike njia yake na tuombeane heri. Ngojangoja huumiza matumbo, dada, na matumbo yaliyoumia yalikuwa yetu sote. Harub alipoambiwa alijibu inshaallah, na ile inshaallah yake unaijua.

Sasa nakuja kwenye lile ulilolisikia, kwamba Mama aliiharibu kadi. Wewe ni mkubwa wetu, unaikumbuka kuliko mimi hadithi ya karatasi ya Babu. Mimi niliikuta inasimuliwa tu. Walipofika Maskati kutoka Unguja hawana kitu, walikuwa na karatasi moja tu ya kuthibitisha nasaba yao, na ilikuwa imekunjwa na kulowana mpaka ikachanika pale pale palipoandikwa kabila. Miaka wakazungushwa maofisini kwa ajili ya mchaniko ule. Ndiyo sababu Mama haiamini karatasi iliyo wazi. Vyeti vyetu vya shule, kadi za chanjo za wanangu, risiti ya friji, hata ile shahada yangu ya kuhitimu juzuu, vyote vimepitishwa kwenye mashine ya laminesheni Hamriya, vikagandishwa na plastiki kwa moto. Tukimcheka hutuambia tungelala mlangoni kwa karani kama alivyolala baba yake, tusingecheka.

Kwa hiyo siku Harub aliporudi kazini akaikuta kadi ya mwaka wa kwanza ya Roy Pendry mezani pake imevishwa plastiki ngumu inayong'aa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, sakafuni, na kanzu yake ya kazini, akaiweka mapajani. Mama alisimama mlangoni akasema, "Nliikuta karatasi iko uchi, nkaiogopea." Nyumba nzima iliamini. Jaifar aliamini, wajomba waliamini, wakacheka mpaka machozi. Mtu mwingine yeyote duniani angefanya vile, Harub angedhani kakusudia. Mama akifanya, ni Mama.

Aliandika Amerika, kwa wale wa mnada wanaouza kadi, kuuliza kama inafunguka. Walimjibu kwa heshima kuwa gundi imeshaingia ndani ya karatasi, akiibandua atabandua na uso wa Pendry. Sasa ni picha tu. Na Harub, Mazoon, yule Harub aliyekuwa akigomba kwa tone la maji, alimwendea Mama akambusu kichwa. Akasema karatasi ni karatasi. Wajomba walipoendelea kucheka aliwanyamazisha, akawaambia Mama alifanya kwa mapenzi na woga wa miaka mingi, na asiyelijua hilo asiseme. Kisha akaenda kwa Bwana Musallam peke yake, bila ya mzee wala mjumbe, akamwambia kuwa hana tena cha kungojea, ana mshahara wake na msamaha anaouomba. Bwana Musallam akamjibu kuwa mtu huyu ndiye aliyekuwa akimsubiri tangu mwanzo. Milka ikawekwa Alkhamisi ya pili ya Shaabani, kama ulivyoarifiwa.

Utasema alhamdulillah, sasa Masouda analalamika nini tena. Ndipo hapa, dada. Kama watoto wapo karibu, watoe.

Mama hakukosea. Wiki kadhaa kabla ya siku ile tulikuwa jikoni tunakuna nazi, akaniuliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu, ingekuwaje kadi ya Harub ikitiwa laminesheni. Nikamwambia ingekwisha thamani pale pale. Akasema aa, akaendelea kukuna. Mimi nikalisahau, au nilijifanya kulisahau, sijui tena.

Asubuhi ile Harub kaenda kazini, mimi nina likizo, Mama akanitaka nimpeleke Hamriya. Alikuwa na mkoba wake mapajani, kaushikilia kwa mikono miwili. Tulipoingia Ruwi nikamuuliza karatasi gani leo, akaufungua akanionyesha. Nikamuona Pendry na kofia yake baina ya karatasi mbili nyeupe. Niliendelea kuendesha. Tulipokaribia mzunguko wa barabarani, Mama akaniambia kwamba Bashayer hatangojea mpaka mfu azeeke, na yeye mwenyewe hana umri wa kungoja, na kwamba nikitaka kugeuza gari, nigeuze pale. Mzunguko ule unageuka vizuri tu, nimegeuka hapo mara chungu nzima. Sikugeuza.

Dukani yupo binti wa Kiganda, Jamirah, anayemjua Mama kwa jina. Aliitazama kadi akauliza kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, una uhakika? Hii ikiingia haitoki." Mama akasema anao. Jamirah akanitazama mimi. Dada, nilikuwa nimechoka na kadi ile, nimechoka na pembe zake, nimechoka kuutazama uso wa Bashayer kila siku ya Mungu. Nikamwambia apitishe. Basi si Mama peke yake. Na siku Harub alipokaa sakafuni, mimi nilikuwa jikoni nikijiambia kuwa tumemuokoa.

Ningeweza kuishi na hilo. Nakuambia kweli, ningeweza, na huenda ningelizeeka nalo vizuri. Lakini juzi tulipokuwa tunakula ofisini Bashayer akanieleza, na machozi yanamlengalenga huku anacheka, kuwa siku chache kabla ya tukio lile Harub alikuwa ameshampa ahadi. Alikwishaandikiana na wale wa mnada. Kadi ilikuwa iende kwao Jumapili ile ile tuliyoipeleka Hamriya. Ndiyo sababu aliitoa katika kile kisanduku chake cha plastiki chenye skrubu ambacho hakijapata kufunguliwa, akailaza baina ya karatasi mbili safi, tayari kufungwa. Mimi na Mama tulidhani kaitoa aikodolee macho. Alimuomba Bashayer asituambie, kwa sababu alitaka siku hiyo aingie mwenyewe kwa Mama na kumtajia tarehe ya milka, amfurahishe.

Alikuwa ameshaiacha, Mazoon. Tulimnyang'anya alichokuwa ameshakitoa.

Sikuweza kulibeba peke yangu, nikamwambia Mama. Aliweka chini kisu alichokuwa nacho, akakaa mpaka adhana ya Alasiri. Alipokwisha kusali akaniita akaniambia kuwa atamwambia Harub kabla ya milka. Nilimpigania, wallahi. Nilimwambia kijana ana raha, mkwe karidhika, anataka kuwasha moto kwa faida ya nani? Nikamwambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Akanijibu kuwa mficha uchi hazai. Akasema, "Kila asubuhi ananibusu kichwa, akinihurumia kwa woga wa baba yangu. Na kichwa hichi nakijua mimi kilichokitenda." Hataki mwanawe aingie nyumba yake mpya na huruma aliyoitoa kwa uongo. Na kama utakavyokisia, anataka niwepo, maana dereva ni mimi. Nimekasirika naye mpaka nimeshindwa kumpikia, na kinachonikasirisha zaidi ni kuwa ana haki.

Amechagua Jumatano, siku moja kabla ya milka. Nimemuomba iwe mapema zaidi, amekataa. Anasema lazima awe na wewe hapa kwanza, na hilo ndilo pekee tulilokubaliana.

Basi barua hii yote ni ya kukuomba uje. Najua ulipanga kufika Alkhamisi asubuhi na ndege ya bei rahisi. Badilisha, Jaifar atalipa tofauti, nimeshamwambia na bado anahema. Fika Jumanne ya wiki hiyo ya milka. Usije kwa ajili ya Mama, wala usije kwa ajili yangu. Sisi tulipopanda gari tulijua tunakokwenda. Harub namjua, hatapiga kelele. Atakaa chini kama alivyokaa siku ile, na akiinua macho kutafuta mtu wa kwake chumbani mle, ataniona mimi na atamuona Mama, na Baba hayupo. Katika ndugu na wazazi aliobakia nao ni wewe tu usiyekuwa na mkono katika jambo hili. Kaa upande wake. Akitufokea, tufokee pamoja naye. Akitaka kunyamaza, nyamaza naye, na Alkhamisi uwe wewe wa kumfunga kilemba.

Nifikishie salamu kwa shemeji Ayman na uwabusu watoto mmoja mmoja, hata yule aliyenikatia simu. Mama anakupa salamu na dua, na anajua ninachokuandikia. Amekaa hapa kitandani pangu tangu nilipoanza, hajauliza nimeandika nini. Mola akufikishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye,
Masouda